Tiketi tano, lugha tatu: Ni mchezo gani wa nyimbo utakaotufaa sote nyumbani?

Mwezi wa Mei mwaka wa 2022 nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu nisijue nibonyeze wapi. Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ulikuwa umerudi jukwaani katika ukumbi wa Kenya National Theatre jijini Nairobi. Kulikuwa na maonyesho ya Kigikuyu na maonyesho ya Kiingereza. Nami nilitaka tiketi tano: yangu, ya mke wangu, ya mama yangu mzazi aliyekuwa na miaka 78, ya kijana wetu wa miaka 16 na ya kitinda mimba wetu, msichana wa miaka 7.

Sasa hebu nisaidie kupiga hesabu, msomaji. Mama hana Kiingereza cha kufuatia mchezo mrefu. Mke wangu ni Mbukusu wa Bungoma, na Kigikuyu chake ni cha salamu na cha kununulia viazi. Watoto ni wa Nairobi. Shosho wao akiwasemesha kwa Kigikuyu wanaambulia nusu, kisha wanajibu kwa Sheng. Nikinunua za Kiingereza, mama atakaa pale kama mgeni katika mchezo uliotungwa kwa lugha yake. Nikinunua za Kigikuyu, watatu kati yetu watakuwa wakitazama midomo tu. Lugha ambayo sote watano tunaielewa bila kusukumana ni moja, Kiswahili, na kwa Kiswahili hakukuwa na tiketi.

Kwa kawaida, anayeichagulia familia mchezo huuliza swali moja tu: je, watoto wanaweza kuutazama? Akishahakikishiwa kwamba hamna matusi, hamna busu refu na hamna damu, analipa. Kipimo hicho si kibaya, ila ni kifupi. Kinamchukulia mtoto kuwa ndiye pekee anayeweza kuumizwa au kuchoshwa na jukwaa, halafu kinamsahau mzee kabisa. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza kama mchezo fulani unamfaa nyanya yake. Tunadhani nyanya anafaa popote, bora apate kiti na leso.

Kabla sijaendelea, tulimalize la istilahi. Wengine huuita mchezo wa aina hii tamthilia ya muziki, wengine drama ya nyimbo. Mimi napendelea mchezo wa nyimbo, kwa sababu neno mchezo bado lina uchangamfu ambao tamthilia imeupoteza madarasani. Aidha, yafaa tukumbuke kwamba neno ngoma kwa Kiswahili ni chombo, ni uchezaji na ni shughuli yenyewe inayowakutanisha watu. Lugha haikuhitaji jina la pekee la uigizaji wenye nyimbo, kwa kuwa haikuuzoea sana uigizaji usio na nyimbo. Hata mtambaji wa ngano hufika mahali akaimba, na hadhira ikaitikia, mkubwa kwa mdogo. Penina Muhando alilijua hilo alipotunga Lina Ubani, iliyochapishwa mwaka wa 1984, na kuingiza utambaji na nyimbo ndani ya tamthilia.

Basi turudi kwenye swali la nani anaumizwa na nini. Mwaka wa 2019 dada yangu anayeishi Uingereza alimwalika mama, na jioni moja akampeleka katika ukumbi wa Lyceum, London, kutazama The Lion King. Ukimwuliza yeyote mchezo wa nyimbo unaofaa ukoo mzima, huo ndio atakaoutaja kwanza. Ulifunguliwa Broadway mwaka wa 1997 ukiongozwa na Julie Taymor, ukafika Lyceum mwaka wa 1999, na haujaondoka. Sifa zake ni za haki. Taymor aliwavika waigizaji vinyago vinavyokaa juu ya kichwa, si usoni, ili mtazamaji amwone simba na amwone pia binadamu anayembeba simba huyo. Mtoto humwona mnyama, mtu mzima huiona sanaa, na hakuna anayemkosesha mwenzake. Rafiki, ambaye kwenye filamu ni nyani dume, jukwaani ni mwanamke, mganga, na ndiye anayefungua mchezo kwa sauti ya Kizulu. Mama hajui Kizulu, lakini aliniambia kwa simu kwamba alipoisikia sauti ile alijikuta ameketi wima.

Halafu wakaingia fisi. Msomaji anayejua filamu ile ya mwaka wa 1994 anakumbuka kwamba fisi kiongozi anaitwa Shenzi. Binti yangu hulitaja jina hilo akicheka, kama anavyomtaja Pumbaa, yule ngiri ambaye jina lake linatokana na kupumbaa. Kwake Shenzi ni jina tu. Lakini mama, kabla hajafika umri wa huyo mjukuu wake, alikuwa akichuma kahawa katika shamba la mlowezi huko Kiambu, na neno hilo ndilo alilokuwa akiitwa yeye na mama yake kila asubuhi debe lilipokosa kujaa. Akamgeukia dada yangu gizani akamwuliza, “Kwa nini fisi wamempa tusi la nyapara?” Dada yangu hakuwa na jibu. Nami sina.

Sisemi The Lion King ni mchezo mbaya. Mama mwenyewe aliupenda, na kanga aliyoshonesha baadaye ina simba. Ninachosema ni kwamba neno lina umri. Neno moja likitamkwa jukwaani linawafikia watu watatu wa ukoo mmoja likiwa maneno matatu, na aliyeandika mswada kule Marekani hakuwa na namna ya kulijua hilo. Sisi wenye lugha ndio tunaopaswa kuwa macho. Ndiyo sababu sikuwahi kuchangamkia sana zile kelele za mwaka wa 2018, watu walipotia saini lalama mtandaoni kuipinga Disney kwa kusajili msemo wa hakuna matata kama alama ya biashara. Dhuluma ipo, naam. Lakini hebu jiulize ni lini mara ya mwisho ulipomsikia Mkenya akimwambia Mkenya mwenzake hivyo. Sisi husema hakuna shida, hakuna noma, hamna neno. Ule msemo tulishawaachia watalii tangu siku za Jambo Bwana ya Them Mushrooms. Mbona hatukulalamika kuhusu Shenzi, ambalo lina kidonda?

Mchezo wa pili ambao familia nyingi za Nairobi huukimbilia ni Sarafina! wa Mbongeni Ngema. Hapa nataka kutoa onyo, na ni onyo la mtu anayeupenda. Ulianzia Market Theatre, Johannesburg, mwaka wa 1987, ukavuka hadi Broadway, kisha mwaka wa 1992 ikatoka filamu iliyowaleta Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg sebuleni mwetu. Nyimbo zake, nyingine za Hugh Masekela, tumeziimba shuleni, tumezicheza arusini, na nimeshaona bibi harusi akiingia ukumbini kwa mojawapo. Tatizo ni hilo hasa. Katika mchezo wa nyimbo, wimbo humfikia mtu kabla ya kisa. Mzazi hununua tiketi kwa kuwa anaujua wimbo, na wimbo una furaha, kwa hivyo anadhani mchezo wenyewe una furaha. Anaingia na mtoto wa darasa la pili, na dakika chache baadaye mtoto anatazama watoto wenzake wakipigwa risasi.

Kwa kijana wa miaka 16, hata hivyo, sijui mchezo ulio bora kuliko huo. Kiini chake ni lugha. Mnamo 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kwa sababu serikali ya kibaguzi iliwalazimisha kufundishwa masomo kwa Kiafrikana, na Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akawa miongoni mwa waliouawa. Ukitaka kumweleza kijana kwamba swali la mtu afunzwe kwa lugha gani si swali la walimu peke yao, mpeleke huko. Na anayejua filamu tu asidhani ameujua mchezo. Jukwaani hakuna yule mwalimu shujaa wa Goldberg. Kuna darasa la vijana na mwalimu wao wanaandaa tamasha la shule, na kila kitu, pamoja na mauaji, kinatokea ndani ya mchezo wa watoto hao. Kwa maoni yangu hilo lina nguvu kuliko filamu, kwa sababu vijana wenyewe ndio wanaosimulia, hawasimuliwi.

Kwa wadogo kabisa kuna Tinga Tinga Tales, uliotokana na katuni za runinga zilizochorwa hapa Nairobi kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, na muziki wa jukwaani ukawa wa Eric Wainaina. Ni hadithi zetu zile zile za kwa nini mnyama fulani yuko alivyo. Zinamfaa mtoto, na zinamfaa nyanya kwa sababu anazijua. Sisi wa katikati husinzia kidogo, na si vibaya.

Lakini mimi nilitaka Ngaahika Ndeenda, na nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya lugha. Ya pili sikumwambia mtu. Mchezo huo unarudi nyuma hadi miaka ya Hali ya Hatari, na jukwaani wanaingia askari wa mkoloni. Mama alikuwa na miaka minane Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Miaka hiyo hakuwahi kutusimulia. Tulipokuwa wadogo tukimwuliza alikuwa akisema moto unazimika, tukalete kuni. Je, nimkalishe mzee kiti cha mbele, nimlipie kabisa, aonyeshwe yale asiyotaka kuyasema?

Mke wangu ndiye aliyekata shauri. “Nunua za Kigikuyu,” akasema. “Mama akielewa, atatueleza sisi. Sisi tukielewa kwa Kiingereza, nani atamweleza?” Nikanunua. (Nashukuru hakutaka kumwalika na mama yake. Kwa Wabukusu mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, na sijaona ukumbi Nairobi unaokuuzia viti vya familia moja vyenye ukuta katikati.)

Kama mchezo, Ngaahika Ndeenda una kasoro ambazo heshima yetu kwa watungaji isituzuie kuzitaja. Kisa ni kizuri na ni chepesi kushika: Kiguunda, kibarua, na mkewe Wangeci wana ekari moja na nusu ya ardhi, na hatimiliki wameiangika ukutani. Tajiri wake, Ahab Kioi, anawashinikiza wafunge ndoa ya kanisani. Wao wanadhani ni kwa sababu binti yao Gathoni ataolewa na mwana wa Kioi. Wanaweka shamba rehani ili wagharimie arusi. Gathoni anapachikwa mimba na kukanwa, shamba linakwenda. Hata mtoto wa miaka 7 anaiona ile karatasi ukutani na anajua kuna siku itatoka. Ila kuna jirani, Gicaamba, mfanyakazi wa kiwanda, ambaye kila akisimama anahutubu. Hotuba zake ni za kweli, lakini ni ndefu. Binti yangu alilala katika ya pili. Kijana alitoa simu, nikamkanyaga mguu.

Kinachouokoa mchezo ni nyimbo, na hasa gitiiro, yale majibizano ya wanawake katika arusi ya jadi, upande mmoja ukiimba na wa pili ukijibu kwa mafumbo. Ngugi ameeleza kwamba wakazi wa Kamiriithu ndio waliowafunza waandishi namna gitiiro inavyoimbwa, na kuwasahihisha pale wahusika wazee walipozungumza kama vijana wa chuo kikuu. Mazoezi yalikuwa ya wazi, mbele ya kijiji kizima, hadi watu wasiokuwa waigizaji wakayajua maneno yote. Mchezo ulipoanza rasmi 2 Oktoba 1977 hadhira ilikuwa tayari ndani yake. Serikali iliupiga marufuku 16 Novemba mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha Ngugi akatiwa kizuizini.

Nilikuwa nimeyasoma hayo yote. Nimeyafundisha. Sikuyaelewa hadi gitiiro ilipoanza na mama, ambaye nyumbani huimba tenzi za kanisa tu, akaanza kuijibu. Si kwa sauti kubwa, lakini alikuwa akitangulia. Mstari ulikuwa ukimtoka kabla haujamtoka mwigizaji. Kijana wetu aliacha simu bila kukanyagwa, akawa anamtazama nyanya yake, wala si jukwaa.

Muda wote huo alikuwa pia akimtafsiria mke wangu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho hakina ngeli zaidi ya mbili. “Hii baba anasema shamba hapana uza. Hii tajiri anadanganya yeye.” Mtu wa nyuma yetu akafyonza mara mbili. Mara ya tatu akasikiliza, kwa maana naona naye alikuwa na mahali palipompotea. Nimesahihisha mitihani ya Kiswahili kwa miaka mingi, na Kiswahili kile ningekipa alama chache. Lakini mke wangu alitoka mle ndani akiwa amemwelewa Kioi kuliko mimi.

Kisha askari wakaingia. Nikamshika mama mkono. Akautoa mkono wake taratibu, akawatazama, akasema kwa sauti ambayo safu tatu ziliisikia: “Hao ni wachache.”

Tulipokuwa kwenye gari, foleni ya Uhuru Highway haisongi, kijana akamwuliza, “Shosho, kwani walikuwa wangapi?” Akamjibu. Alisimulia kuanzia hapo hadi tukafika nyumbani: kijiji walichohamishiwa mwaka wa 1954, handaki lililochimbwa kukizunguka na miti iliyochongwa ikasimikwa ndani yake, kaka yake aliyetoka kutafuta chakula na hakurudi. Alisimulia kwa Kiswahili, kwa sababu aliyemwuliza hajui Kigikuyu. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa na mjomba huyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa na dukuduku, na wasomaji watanisamehe nikilitoa hapa. Ngaahika Ndeenda una tafsiri ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, na imekuwepo kwa miongo kadhaa. Hata jina lake linaukaribia asili kuliko la Kiingereza. Kitenzi cha Kigikuyu kilichomo katika jina hilo ni cha mwanamke, kama kuolewa kwetu, na Kiingereza, ambacho humwoza mume na mke kwa kitenzi kimoja, hakiwezi kulionyesha hilo. Tafsiri hiyo ipo maktabani. Jukwaani Nairobi, wakati ule, walifikiriwa wanaojua Kigikuyu na wanaojua Kiingereza. Familia ya mseto, ambayo ndiyo familia ya kawaida ya jiji hili, ilitakiwa ijigawe.

Na si kwamba Kiswahili hakiigizwi. Kinaigizwa sana, lakini angalia kwa ajili ya nani. Kila muhula mabasi ya shule hushusha wanafunzi katika kumbi kutazama vitabu vya kutahiniwa. Kabla yake ilikuwa Kigogo, kisha ikaja Bembea ya Maisha. Waigizaji hukariri kitabu neno kwa neno, kwa kuwa mtahini atauliza neno kwa neno, na mara nyingi wimbo unaruka kwa sababu hautahiniwi. Ukumbi mzima ni wa watu wa umri mmoja walioshika kalamu. Mzee hayumo, mtoto mdogo hayumo. Tumekifanya Kiswahili cha jukwaani kuwa lugha ya Kidato cha Nne, halafu tunashangaa mtu akimaliza mtihani harudi tena ukumbini.

Nimewahi kulieleza hili kwa mwelekezi mmoja wa michezo. Akaniambia soko la Kiswahili halipo, watu wa kulipa wanataka Kiingereza. Inawezekana ana hesabu zake. Mimi nilimwambia kuhusu yule mtu wa nyuma yetu aliyeacha kufyonza. Akacheka, akasema hiyo si takwimu.

Ngugi alipofariki Mei 2025, kijana, ambaye sasa yuko chuo kikuu, alinipigia simu usiku. Hakuniuliza kuhusu Ngugi. Aliuliza kama shosho anajua. Nikamwambia anajua, ameisikia kwa redio, kwa Kigikuyu. Akasema atampigia mwenyewe. Walizungumza muda mrefu, na sikuambiwa walizungumza nini.

Mama sasa ana miaka 81, na mwezi ujao anakuja Nairobi kwa daktari wa macho. Binti yetu amefika miaka 10 na ameapa hatalala tena, hata Gicaamba ahutubu hadi asubuhi. Mke wangu ameniagiza niangalie kuna nini jukwaani wiki hiyo, tiketi tano kama zamani, kijana atatoka chuoni. Nimeangalia. Ipo michezo miwili ya nyimbo, yote kwa Kiingereza.